Mtoto wa Tano Langoni

London, 3 Oktoba 1794

Dada Keturah mpenzi,

Nakusalimu wewe na shemeji Abel, na mgongo wake pia, maana msimu huu wa mapipa ndio unaomkunja kila mwaka. Mimi nimepona kabisa ile homa ya mwanzo wa mwaka. Nywele zimeota tena, ila zimeota zimejisokota, na wenzangu kazini wananiita Kondoo. Mama Fitch, mwenye nyumba wangu, anakusalimu. Anasema dada aliyenitumia asali wakati naumwa si dada wa kawaida.

Kazi ni ileile. Tunakaa wanawake kumi na mmoja kwenye meza ndefu chini ya dirisha la paa, kila mmoja na brashi na rangi yake. Picha zinatoka kwenye mtambo zikiwa nukta tupu, maelfu kwa maelfu, maana mchongaji hudonoa bamba la shaba kwa sindano, nukta moja moja, mpaka nukta zigeuke shavu. Sisi tunazivika rangi. Watu wa mjini wanawapenda sana watoto wa mashamba, mradi wakae ndani ya fremu.

Sasa sikia. Jumatatu imeingia picha mpya, watoto wakicheza kwenye lango la shamba. Nilipoishika nikaisogeza karibu na macho. Lango ni letu, dada! Lango la Orcombe, ubao wa tatu umefungwa kamba vilevile, na nyuma yake mnara wa kanisa umemeguka pembe. Watoto wanne wamelipanda, wanacheka. Wa tano amesimama nyuma ya lango, peku, anajikuna mguu mmoja kwa unyayo wa mwingine. Nyusi yake ya kushoto imekatwa katikati na kovu.

Ni Thirza. Najua tulikubaliana mbele za watu awe wako, na mimi niwe mama mdogo. Hilo neno "mdogo" ndilo linaloniuma kila nikiliandika. Lakini nilimzaa mimi, na kovu lile nililiosha kwa mikono yangu.

Je, ni kweli mchoraji alipita hapo? Na gauni lake la kuchezea sasa ni la rangi gani? Nimeachiwa nipake karatasi ya mfano ambayo wengine wataiga. Nataka nimpake kweli, asivae uongo.

Mbusu kwenye lile kovu.

Damaris wako

*

Orcombe, 9 Novemba 1794

Mdogo wangu Damaris,

Salamu zako zimefika na nimechelewa kujibu, usinune. Mitufaha mwaka huu imezaa mpaka matawi yanavunjika, kila mtu anataka pipa na kila mtu analitaka jana. Abel analala na tofali la moto mgongoni. Nguruwe jike amezaa kumi na mmoja, akalalia wawili. Mjane wa mchungaji aliyetufundisha kuandika sasa haoni, nilimsomea barua yako, sehemu ya nywele tu, akacheka.

Ni kweli mchoraji alikuja, Bwana Rudhall, kijana mrefu mwenye mafua hata mwezi wa nane. Alikaa kwa msagaji nafaka wiki tatu. Aliwachora watoto watatu wa Mapp na yule wa msagaji. Hao ni wanne. Nilipita pale na ndoo siku kadhaa, nikawaona kwa macho yangu, wanne.

Kuhusu mtoto: hana homa, hana kikohozi, hasumbui mtu. Yuko palepale.

Rangi paka unayoipenda. Wanunuzi watajuaje?

Jifunike kifua, baridi ya London haina adabu.

Dada yako,
Keturah

*

London, 24 Novemba 1794

Dada mpenzi,

Nimefurahi kwa nguruwe, pole kwa wale wawili. Huku moshi umeshuka mpaka tunawasha taa saa nane mchana. Mimi sijambo, ila silali vizuri, na nitakwambia sababu.

Unasema wanne. Mimi nahesabu watano, na wenzangu kumi mezani wanahesabu watano.

Hukuniambia rangi ya gauni, basi nikaliwekea buluu. Ilikauka ikawa kama maji ya kuoshea vyombo. Nikarudia. Ikazama tena. Wale wanne nyuso zinang'aa, nyasi zinang'aa, hata kamba ya lango inang'aa, ila yeye amebaki kijivu. Mama Pruett, msimamizi wetu, akaja kusimama nyuma yangu.

"Damaris, hiyo buluu unaipaka au unainywa?"

"Haishiki, mama."

"Haishiki! Sukey, mwekee mashavu huyo mtoto, huyu Kondoo amelala."

Sukey ndiye fundi wa mashavu kuliko sisi sote. Akaweka wekundu, akapuliza, akasubiri. Wekundu ukaondoka mbele ya macho yetu, taratibu, kama mtu anavyopauka akisikia habari mbaya. Sukey akaweka brashi chini. Hajaigusa tena picha ile.

Nikamfuata Mzee Creed, mchongaji, kule chini. Ni mtu wa maneno machache, jicho moja limeshaharibika kwa kazi. Nikamuuliza kama bamba lina kasoro.

"Halina."

"Basi huyu wa tano ulimchongaje?"

Akasugua sindano kwenye aproni. "Hao wanne wamenila wiki tatu," akasema. "Nukta zao nazijua kama vidole vyangu. Huyo sikumbuki kumchonga. Niliinua kichwa nikamkuta." Kisha akaniambia nimwache afanye kazi.

Na jambo lingine, dada. Gauni alilovaa ni lile nililomletea Krismasi iliyopita, lenye vifungo vitatu begani. Nililishona refu makusudi, alivae miaka miwili. Kufika mwezi wa nane lilipaswa kuwa limeanza kumpandia miguuni. Kwenye picha linafunika vifundo vya miguu, kama siku ya kwanza kuvaliwa. Hivi mtoto huyu haongezeki? Anakula?

Mpime urefu mlangoni, uniandikie.

Damaris

*

Orcombe, 20 Desemba 1794

Mdogo wangu,

Barafu imeshika kisima, Abel anaipasua kwa shoka kila asubuhi. Tuna afya. Nakutakia Krismasi ya amani.

Huyo wa tano usimpake rangi. Mwache alivyo. Na kazi hiyo kama inakunyima usingizi, omba wakupe picha nyingine, maua au ndege.

Usije mwaka huu, barabara ni mbaya.

Keturah

*

London, 6 Januari 1795

Keturah,

Nakuamkia, na shemeji namwamkia. Kwa kuwa hutaki kunijibu, nimekwenda mwenyewe kwa Bwana Rudhall. Anaishi juu ya duka la mtengeneza wigi, na bado ana mafua. Nilimwambia mimi ni mpaka rangi na rangi ya gauni inanisumbua. Akacheka akaniwekea kiti.

"Yule mdogo? Hata mimi alinisumbua. Hakuwahi kusema neno."

"Alikuwa akija na wenzake?"

"Akija baada yao. Wakishakaa, wanaacha nafasi, naye anakuja kuijaza. Wala hawageuki kumtazama. Nikamuuliza yule binti mdogo wa Mapp, Letty, 'Rafiki yenu anaitwa nani?' Akaniambia, 'Si vizuri kumwita, bwana, atafikiri anaitwa na mama yake.'"

Akanitolea daftari lake. Ana michoro kumi na miwili ya lango lile, ya siku kumi na mbili, kila mmoja na tarehe. Mchoro wa kwanza wapo wanne, na mbali, kule kwenye miti ya kijitoni, kuna alama ndogo ya penseli ungedhani ni kisiki. Wa pili, kisiki kimesogea. Wa tano, kina kichwa. Wa nane yuko katikati ya shamba, mikono imening'inia. Wa kumi na mbili ameshika lango. Na kila palipoonekana gauni, Keturah, upindo wake ameuchora mweusi.

"Mbona huku chini umetia giza?" nikamuuliza.

"Ulikuwa umelowa," akasema. "Kila siku ulikuwa umelowa, na mwezi ule mvua haikunyesha. Siku ya mwisho nikamuuliza kama mama yake angependa kuiona picha. Akanyoosha mkono kuonyesha barabara. Hii ya kuja London."

Nilitoka bila kuaga.

Dukani wameshauza picha thelathini, na tisa zimerudishwa. Mwanamke mmoja alisema mtoto wa nyuma anaangalia mlango wa chumba chake.

Sikuulizi gauni tena. Nakuuliza neno moja: yuko hai? Ukininyima, nitamwandikia mchungaji.

Damaris

*

Orcombe, 2 Machi 1795

Damaris, mdogo wangu,

Barua yako ilikaa posta ya Ledbury wiki tano. Theluji ilipoyeyuka mito ilipanda, daraja likaondoka, na kondoo wa Mapp walikutwa juu ya miti. Sisi tu wazima. Nimeanza na habari hizi kwa sababu mkono haukubali kuanza na nyingine.

Hayuko hai. Alifariki sikukuu ya Mishumaa, mwezi wa pili wa mwaka jana. Alikuwa bado miezi miwili atimize miaka mitano. Mchoraji alikuja miezi sita baadaye.

Nitakuambia ilivyokuwa, kisha unihukumu. Asubuhi ile nilikuwa naoka mkate. Mtoto amevaa gauni lako, lilimfika chini, anazunguka nalo. Akasema, "Mama mdogo ndiye mama yangu." Sijui nani alimwambia, wasichana wa Mapp labda. Nikamwambia anyamaze. Akasema, "Wewe siyo." Damaris, sina mtoto mwingine. Miaka mitatu nimemlisha, nimemkesha, nimemfundisha sala. Neno lile lilinichoma mpaka nikasahau kwamba aliyelisema ni mtoto. Nikamshika mkono nikamtoa nje. Nikamwambia, "Basi nenda kamngoje langoni, atakuja kukuchukua." Nikafunga mlango na komeo.

Nilisikia akigonga mara mbili. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nimenuna. Kisha hakugonga tena, nikadhani amekwenda kwa Mapp kucheza. Mkate ukaiva. Nikafungua.

Alikwenda kungoja, kama nilivyomwambia. Akaona kwamba kutoka langoni barabara haionekani vizuri, akashuka aende ng'ambo ya kijito ambako inaonekana. Mvua ilikuwa imekijaza. Abel ndiye aliyemwona, chini ya ile miti. Amelala upande wa kaskazini wa kanisa, karibu na mama yetu. Nilimzika na gauni lake.

Nilikaa na kalamu siku iliyofuata. Barua ya Mama Fitch ikaingia, kwamba una homa, humtambui mtu, na habari yoyote nzito itakuua. Nikangoja upone. Ulipopona ukaandika, "Mbusu Thirza." Nikashindwa. Mwezi uliofuata nikashindwa tena. Wa tatu neno lilikuwa limeshakuwa kubwa kuliko mdomo. Kijiji chote kinadhani unajua. Nilikuandikia kwamba hasumbui mtu na yuko palepale, nikajiambia kwamba sikudanganya.

Na sasa nikuambie lile ambalo hata Abel sijamwambia. Watoto wote wa hapa humwona. Wakipanda lango huacha nafasi. Abel akipita pale huvua kofia, sijui anaona nini, simuulizi. Mimi nimesimama pale kila jioni mwaka mzima. Nimemwita kwa jina, nimempigia magoti kwenye matope. Mimi simwoni, Damaris. Sijamwona hata mara moja.

Keturah

*

Ledbury, nyumba ya wageni, 16 Aprili 1795

Keturah,

Barua hii naiandika maili sita kutoka mlangoni kwako. Jana nilikuwa Orcombe. Sikukuambia, na sikuingia kwako. Niliona moshi wa jiko lako, nikaona umeanika shuka. Miguu ilikataa.

Nilikwenda kanisani kwanza. Umempanda maua ya njano, yamechanua. Nikakaa hapo mpaka magoti yakafa ganzi. Kisha nikaenda langoni.

Watoto wa Mapp walikuwepo na yule wa msagaji. Wananijua nusunusu. Nikasimama karibu nao, nikashika ubao wa juu. Letty akanivuta sketi.

"Mama, sogea kidogo. Umesimama mahali pake."

Nikasogea. "Yuko wapi?" nikauliza.

"Si huyo hapo, anakuangalia."

"Anafanya nini?"

Letty akatazama kidogo, kama mtu anayetazama jirani akianika nguo. "Hafanyi kitu. Anaangalia viatu vyako."

Nilitazama pale aliponionyesha. Niliona nyasi, na mavi ya kondoo, na kivuli cha lango. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi ya kukodoa tu, maana yale mengine yalikuwa yamekwisha kule kanisani. Nilimzaa, na mimi pia simwoni. Sikujua hilo litaniuma kuliko kaburi.

Nikasema, kwa sauti, mbele ya wale watoto, "Thirza, mimi ndiye mama yako. Nimechelewa." Hakuna aliyecheka. Basi nikageuka nikaishika barabara.

Sijakusamehe. Nimejaribu njia nzima, kila maili. Lakini mlango uliufunga wewe, na mimi ndiye ambaye sikuwepo nje yake. Hilo nalo nimelitembeza njia nzima.

Gari la London linaondoka asubuhi.

Damaris

*

Orcombe, 3 Mei 1795

Mdogo wangu,

Ningejua uko kanisani ningekuja kwa magoti. Lakini sina haki ya kulalamika kuhusu milango. Abel anakuamkia. Anasema mwambie Damaris chumba cha juu ni chake siku yoyote, na maneno hayo ni yake, sikumtia mdomoni.

Kuna jambo limetokea. Tangu siku uliyopita, watoto wamejaa lango zima. Hawaachi nafasi. Siku tatu nilitazama, siku ya nne nikamshika Letty mkono.

"Thirza yuko wapi?"

Akanishangaa. "Kwani hujui? Ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Na yule mama wa London. Alimshika sketi kwa nyuma wakaenda. Tulimpungia mkono, na yeye akatupungia." Kisha akasema, kana kwamba ananituliza, "Alikuwa anacheka, bibi."

Juzi jioni nilikwenda tena langoni kwa mazoea. Zamani nilikuwa nahisi kama mtu ananinyima uso. Sasa ni shamba tu. Nimelia pale jinsi ambavyo sikulia siku ya mazishi.

Sikuulizi kitu. Ila kama kuna kitu, nakuomba, usininyime.

Keturah

*

London, 21 Mei 1795

Dada Keturah,

Nakusalimu, na shemeji nampa mkono kwa chumba cha juu. Mimi ni mzima. Nimehama meza. Mama Pruett amenipa ndege na maua, kama ulivyosema.

Unauliza kama kuna kitu. Mimi mwenyewe sioni chochote. Nalala usingizi mzuri, hilo tu. Lakini mtoto wa jirani, ambaye bado anatambaa, akiletwa ngazini kwangu hutazama pembeni yangu, chini, kwenye usawa wa kiuno, na hucheka.

Na jana Mama Fitch alinisimamisha mlangoni. Anaona vibaya sasa, lakini jambo halimpiti. Akaniambia hanigombezi, angependa tu ningemwambia mapema, maana chumba kile ni kidogo kwa watu wawili. "Ni mtoto mtulivu," akasema, "hata hatua zake hazisikiki. Ila Damaris, anaacha maji kwenye ngazi, mkaushe miguu. Na asubuhi anakula nini? Sijawahi kukusikia ukimpikia."

Ningeweza kumwambia. Badala yake nikasema anapenda mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Kisha nikatambua kwamba sijui kama ni kweli. Miaka mitatu umemlisha wewe, mimi sijui anapenda nini.

Njoo, dada. Njoo kabla tufaha hazijamkamata Abel. Hatutamwona, wewe wala mimi. Lakini utanionyesha uji wake ulivyokuwa, na tutaupika sote.

Mdogo wako,
Damaris